Filimbi Mfukoni

Nilikuja na filimbi mpya
na mpango wa somo wa kurasa nne, mistari kwa rula:
dakika tano kupasha mwili moto,
dakika kumi kukimbia,
lengo, zana, tathmini.
Chuoni Soroti nilikuwa wa kwanza kuruka juu,
wa kwanza mita mia nne,
na hakuna aliyewahi kuniuliza
nitamfundisha nini mtu asiyeruka.

Uwanja wetu ni mchanga.
Mvua huufanya uji, kiangazi huufanya unga.
Olupot, fundi cherehani wa sokoni,
alifika na baiskeli yake ya magurudumu matatu,
ile inayoendeshwa kwa mikono,
na hatua sita tu ndani ya uwanja
magurudumu yakazama hadi kwenye spoki.
Tukasukuma, watu wanne. Tukalowa jasho.
Nikaandika kwenye daftari:
Mwanafunzi hauwezi uwanja.

Mkufunzi, Bi Akurut, alisoma nyuma ya bega langu.
Hakunikemea. Aliomba kalamu,
akavuta mishale miwili, maneno yakabadilishana viti:
Uwanja haumwezi mwanafunzi.

Basi tukahama.
Ng'ambo ya reli kuna ghala la pamba
lililokufa kabla sijazaliwa;
paa limebaki nusu, popo wamebaki wote,
lakini sakafu, jamani, sakafu ile!
Saruji iliyosuguliwa na marobota miaka na miaka,
laini kama mgongo wa kijiko.
Tulifagia mavi ya popo asubuhi nzima,
tukalaza kamba, tukaifunika kwa utepe wa gundi
ili vidole vijue mpaka ulipo.
Mpira tukauvika kavera,
maana kavera haijui kutembea kimya.

Nikapuliza filimbi. Nikapuliza tena.
Nikapiga makofi: "Kushoto! Kushoto kwako! Safi! Haya!"
Sauti ya mwalimu ina alama kumi kwenye fomu,
na mimi nilizitaka zote kumi.
Asio, miaka kumi na minne, haoni tangu surua,
alikuwa amelala ubavu, mikono imenyooka,
anangoja.
Mpira ukampita kwa upana wa kiganja.
Akaketi. Akageuzia uso kule filimbi iliko:
"Mwalimu, naomba unyamaze.
Unanifunika mpira."

Sijawahi kunyamaza hivyo, hata kanisani.
Nikasikia popo mmoja akijikuna.
Nikasikia mwenge wa nywele za mtu ukigusa kola,
kisha kavera, kwa mbali,
chakacha, chakacha,
kama mtu anayefungua mkate usiku akiogopa kuamsha nyumba,
na kabla sijajua ni upande gani
Asio alikuwa ameshaukumbatia.

Olupot naye akaomba zamu.
Niliurusha taratibu, kwa adabu,
kama unavyompa mgeni kikombe.
Akauacha ujiendee.
"Nimefunga duka," akasema,
"nina sare kumi na tatu za shule hazijakunjwa pindo.
Unadhani nimekuja kupewa pole?"
Nikaurusha kweli. Akaufuata, akapinda vibaya,
baiskeli ikalala, naye akalala nayo.
Nilikimbia, mikono mbele.
Akanizuia kwa kidole kimoja, bado chini, anacheka:
"Uliza kwanza."
Nikauliza.
Akasema, "Hapana."
Nikasimama pale, mtu mzima wa mita mia nne,
nikijifunza kusimama.

Jioni Bi Akurut alinipa fomu.
Penye "Sauti ya mwalimu" hakuweka namba.
Aliandika: Imepungua. Endelea.
Niliilalamikia, kusema kweli. Nilitaka namba.

Jumatatu Olupot akaniita kibandani kwake,
akachukua fulana yangu ya michezo,
akaishonea mfuko kifuani,
mdogo, kipimo cha filimbi,
wenye kifungo kigumu makusudi.
Akadai shilingi elfu mbili.
Nikasema, "Rafiki yangu, hata kidogo usipunguze?"
Akanitazama juu ya miwani.

Nikalipa.